Ba na Malkia Aliyerudi kwa Mama Yake

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Juni mwaka huu, asubuhi kabla hatujafungua duka, tulimpoteza Ba. Hina, mke wa mtoto wake, alinipigia simu nikiwa bado nyumbani Langas, nakoroga uji. Nilipofika mjini nilikuta mlango wa chuma umefungwa, na fundi mwenzangu Barasa amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi. Niliketi kando yake. Halafu Barasa akasema, "Sasa ni nani atatugombeza?" Nilicheka, kisha nikalia, na tangu siku hiyo sijui kumkumbuka bila mambo hayo mawili kuja pamoja.

Ba kwa Kigujarati ni mama. Alikuwa na jina, lakini dukani hakuna aliyelitumia, na mimi pia sitalitumia hapa. Mbele kulikuwa na duka lake la vitambaa. Nyuma kulikuwa na chumba cha cherehani, na hapo tulishona mimi, Barasa na Wanjiku: sare za shule mwezi wa Januari, na miezi mingine blauzi za sari, kanzu za kwaya, magauni ya wasimamizi wa harusi. Nilifika pale nikiwa nimeishia darasa la nane, najua kushona mshono ulionyooka tu. Mengine nilifundishwa na Ba, kwa kelele.

Alikuwa na rula ndefu ya mbao ya kupimia kitambaa, lakini kwanza alipima kwa mkono, kuanzia puani mpaka ncha ya vidole. Ndipo aliweka rula juu yake, kuona kama rula inasema ukweli. Siku moja vipimo havikulingana. Aliitazama ile rula kwa huruma akasema, "Imezeeka."

Kiswahili chake kilikuwa cha Soy, kituo kidogo cha mashambani ambako alikulia nyuma ya duka, akicheza na watoto wa sokoni. Kulikuwa na wateja wageni waliodhani mama wa Kihindi ni lazima avunjiwe Kiswahili. Mtu anaingia anasema, "Mama, mimi taka kitambaa, iko?" Ba anamtazama juu ya miwani. "Ongea vizuri, bwana. Mimi si mtalii."

Alipenda matangazo ya vifo kwenye redio. Ilikuwa ni furaha yake ya saa saba mchana, na alipenda zaidi yale ya watu wetu wa magharibi, yanayotaja kila shangazi, kila mjukuu na mahali kila mmoja anapofanya kazi. "Watu wenu hawafi peke yao," aliniambia. "Mtu anakufa na ukoo mzima unapata jina kwa redio." Wakitaja mtu wa Turbo au Soy aliyemjua, alizima redio akaanza kueleza tabia za marehemu, na si zile nzuri tu.

Baada ya matangazo ilikuwa chai, na baada ya chai ilikuwa hadithi. Wateja huwa wachache saa hizo. Ba alikuwa na hadithi zile mbili kubwa za kale za Wahindu kichwani mwake, zote, na alizitoa kipande kipande kama mtu anayekata kitambaa. Majina ya watu wake ni marefu, nikiyaandika nitayaharibu. Sisi tulisema tu mfalme, malkia, yule mzee mbaya, yule ndugu mdogo.

Wanaume wa hadithi hizo wanapigana sana. Ba alipita vita haraka haraka. Akifika kwa mwanamke, alipunguza mwendo.

Kulikuwa na malkia ambaye mume wake alicheza kamari. Alipoteza ng'ombe, akapoteza nchi, akapoteza ndugu zake, akajiweka mwenyewe kama dau akajipoteza, halafu akamweka mke wake naye akampoteza. Wakaja kumvuta malkia kwa nywele mbele ya watu. Yeye akauliza swali moja tu: huyu mume alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Kwa sababu kama alikuwa ameshakuwa mtumwa, mtumwa anatoa wapi mke wa kuweka mezani?

"Huyo alikuwa wakili kabisa," Barasa alisema.

"Na baraza lote la wazee lilinyamaza," Ba alisema. "Watu wenye ndevu mpaka hapa. Wanaangalia viatu vyao."

"Kama kwetu tu," Wanjiku alisema bila kuinua kichwa kutoka kwa cherehani.

Kulikuwa na mwingine, binti wa mfalme, aliyetumwa na baba yake ajitafutie mume mwenyewe. Alipompata, waliambiwa kijana huyo atakufa baada ya mwaka, na binti akasema ni huyo huyo. Mwaka ukaisha. Kifo kilipomchukua, mke alikifuata nyuma, anatembea na kuongea, anaongea na kutembea, mpaka Kifo chenyewe kikashindwa kikamrudisha mume. Siku hiyo Wanjiku alisimamisha cherehani. Alikuwa amemzika mume wake mwaka uliotangulia.

"Aliongea nini hasa?" aliuliza.

Ba alichukua birika. Alimwongezea chai.

Sasa mtu akisikia hivi atadhani Ba alikuwa mwanamke wa kuvunja kamba. Hapana. Ni lazima niseme ukweli, maana yeye mwenyewe angenikaripia nikimpamba.

Nyumbani kwake Elgon View, alikula mwisho. Mtoto wake wa kiume akala, wajukuu wakala, wageni wakala, ndipo Ba akaketi na Hina. Alifunga kula siku fulani kwa ajili ya maisha marefu ya mume wake, na mume alikuwa amekufa zamani. Wanjiku alimuuliza ni kwa nini. "Nimezoea," alisema, "na nikiacha tumbo litashangaa."

Na kulikuwa na Hina. Hina alisomea dawa, ana cheti, lakini alikuwa anakaa nyumbani kwa sababu Ba aliona si vizuri mke wa nyumba yake asimame nyuma ya kaunta ya mtu mwingine. Siku moja, baada ya yule malkia wa kamari kusema yake, Barasa alijifanya anatafuta uzi akauliza, "Ba, na Hina je?"

"Hina anafanya nini?"

"Si huyo pia ana swali? Au yeye si malkia?"

Ba alimgeukia. "Barasa, ile suruali ya kwaya umemaliza?"

Kulikuwa na jambo lingine ambalo lilitushangaza kuliko hayo yote. Ba hakuongea na kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Hawakuwa wamekosana. Ilikuwa desturi yao: mwanamke hamwonyeshi uso wala sauti kaka mkubwa wa mume. Huyo mzee alikuwa mwenyekiti wa kamati ya hekalu, mtu mrefu, mpole, mwenye sweta ya kijivu miezi yote. Akitokea mlangoni, Ba aliyekuwa anapigia watu kelele alivuta ncha ya sari ikafunika kichwa na nusu ya uso, na sauti ikazima kabisa.

Lakini mambo ya kuongea yalikuwepo. Zamani mume wake alikuwa katikati. Baada yake, katikati ikawa ni yeyote aliye karibu, na mara nyingi nilikuwa mimi. Kwa hiyo Wahindi wawili, lugha yao moja, walikuwa wanaongea kwa Kiswahili kupitia kwa Mluhya.

"Muulize Mama kama kitambaa cha pazia za hekalu kimefika," mzee anasema, akitazama barabara.

Ba yuko hatua mbili kutoka kwake. Namgeukia. "Ba, anauliza kama—"

"Mwambie Mzee kimefika, lakini ile rangi aliyochagua ni ya hospitali."

"Mzee, anasema kimefika, lakini—"

"Mwambie nimesikia."

Huko kwetu pia mkwe na mama mkwe wana mipaka yao, kwa hiyo sikuona ni ajabu. Barasa ndiye aliyekuwa anatoka nje kwenda kucheka.

Jambo lililokuwa linamuuma Ba kwa kweli lilikuwa hili. Kila mwaka hekaluni husomwa moja ya hadithi zile, siku tisa. Msomaji mwanamume hutoka mji mwingine, hukaa juu ya kiti kilichopambwa maua, na watu hukaa chini, wanaume upande huu, wanawake ule. Siku ya tisa mfalme anarudi kutoka vitani na mke wake aliyekuwa ametekwa. Mke ameshapita ndani ya moto kuonyesha kwamba ni safi. Wanavikwa taji, watu wanapiga makofi, peremende za unga na samli zinagawiwa, basi. Imekwisha.

"Haijaisha!" Ba alituambia, akigonga meza ya kukatia. "Wanafunga kitabu wakati mama hajasema lake."

Akatueleza yanayofuata. Mfalme ametawala vizuri, mpaka siku moja akasikia mtu mmoja mfua nguo anamsema mke wake, kwamba alikaa nyumba ya mwanamume mwingine. Kwa maneno hayo tu, mfalme akamfukuza malkia akiwa na mimba. Akazaa mapacha msituni, akawalea huko. Baada ya miaka mfalme akawaona watoto, akawapenda, akamwita mama yao arudi. Lakini kwanza aape tena mbele ya watu wote kwamba ni safi.

"Tena?" Wanjiku alisema.

"Tena."

"Na moto alishapita?"

"Alishapita."

"Mimi ningechukua watoto wangu niende."

Malkia hakuapa kwa mfalme. Huyu malkia hakuzaliwa na mtu, aliokotwa akiwa mtoto ndani ya mtaro wa jembe, kwa hiyo mama yake ni ardhi. Akaiambia ardhi: Mama, kama sijakosea, nipokee. Ardhi ikafunguka, akashuka, ikafunga.

Wanjiku alikata uzi kwa meno. Halafu mimi niliuliza kitu ambacho kwangu kilikuwa cha kawaida kabisa. Kwetu mke akichoka na mume anaenda kwao, na mume akijua amekosea anakwenda na wazee kumwomba arudi. Mimi mwenyewe nilienda kwetu Lugari mwaka wa tatu wa ndoa, na wangu alikuja na mjomba wake, wakakaa chini ya dari ya mama yangu wakisemwa mpaka jasho likawatoka.

"Kwa hivyo alienda kwao," nilisema. "Na mfalme hakwenda kumchukua?"

Ba aliniangalia. "Ati nini?"

"Si alirudi kwa mama yake? Mfalme na wazee wake hawakwenda kumwomba?"

Ba alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akajipangusa macho kwa ncha ya sari. Halafu akarudi kukata kitambaa, na jioni tukifunga duka akasema, akiwa ananipa mgongo, "Nimesikia hadithi hii tangu nikiwa mtoto. Hakuna mtu aliwahi kuuliza hilo."

Kuanzia hapo aliwaka. Alitaka sehemu ile isomwe hekaluni, na kama msomaji hataki, ataisimulia yeye, siku ya kumi, hata bila kile kiti cha maua. Mzee alipokuja dukani mimi nilisimama mahali pangu.

"Mwambie Mzee wanawake wanataka kusikia mwisho."

"Mwambie Mama mwisho ule ni wa huzuni. Watu hawaendi nyumbani na huzuni kutoka hekaluni. Ni mkosi."

"Muulize Mzee, mkosi ni kusimulia au ni kufukuza mke?"

Hilo sikulirudia. Mzee alikuwa amelisikia, na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mwambie Mama," alisema polepole, "mwanamke hajawahi kusimulia pale mbele, na mimi si mtu wa kuanzisha mambo."

Ba alivuta kiti akaketi. Wakati huo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, daktari ameshazungumza habari ya moyo, na sote tulijua kwamba akisema mwaka ujao anasema tu.

Siku tisa zilipoanza, tulikwenda kama kila mwaka kusaidia jikoni, mimi na Wanjiku. Hekalu hulisha watu wote, na viazi vya kumenya ni vingi. Ba aliketi juu ya gunia la mchele, sufuria ya mbaazi mapajani, na pale msomaji alipoanza mwanzo kule ukumbini, yeye akaanza pale ambapo msomaji angeishia. Alisema kipande kwa Kigujarati, kisha akatugeukia sisi wa viazi akatupa kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza tulikuwa wachache. Siku ya pili walikuja wake wawili wa vijana, wakasema wanataka kusaidia kukata dania. Siku ya nne hapakuwa na nafasi ya kukaa. Sijawahi kuona viazi vikimenywa vyembamba hivyo. Kila mtu anatafuta cha kushika ili aonekane yuko kazini. Kina mama wazee kabisa, wa kubebwa kwenye kiti, waliomba waletwe kupepeta mchele ambao ulishapepetwa. Hina alikuwa pale pembeni kwa jiko, kimya kama kawaida yake, anakoroga dengu.

Siku ya tisa upande wa wanawake kule ukumbini ulibaki mikeka tu. Mfalme akavikwa taji, makofi yakapigwa, ya upande mmoja tu. Halafu wanaume wakakaa kungoja chakula. Wakangoja. Mwishowe mwenyekiti akaja mlangoni kwa jikoni, miguu mitupu. Aliona wanawake wote wa hekalu, akageuka haraka akatupa mgongo, akaniita.

"Muulize Mama chakula kiko wapi."

Ba alivuta sari juu ya kichwa. "Mwambie Mzee mfalme amemwambia malkia aape tena. Tunangoja ajibu. Na yeye angoje."

Nilisema yote, neno kwa neno. Wanjiku aliuma kitambaa cha kichwa asicheke. Mimi nilidhani mzee ataondoka, au atakasirika. Hakuondoka. Alisimama pale pale, mgongo kwetu, mikono nyuma, anatazama bomba la maji la uani, na Ba akaendelea, akiwa ameinua sauti kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alimaliza. Malkia akashuka, ardhi ikafunga. Halafu Ba akasema, kwa Kiswahili, si kwa Kigujarati, "Na mfalme hakwenda kumchukua." Mwanamke mmoja mzee alianza kulia kwa sauti, na mwingine akasema kitu, na wote wakaanza kuongea pamoja, kila mmoja ana la kwake, mpaka dengu zikafurika zikazima moto.

Mzee alikohoa. "Mwambie Mama," alisema, "chumvi isizidi."

Chakula kilitoka kimechelewa sana, na wali ulikuwa umeungua. Sikusikia mtu akilalamika.

Baada ya hapo Hina alianza kazi katika duka la dawa mjini. Watu walisema Ba amemruhusu. Mimi sijui. Nilimuuliza Ba, akasema, "Hakuniuliza." Kama hiyo ilikuwa hasira au fahari, uso wake haukunionyesha.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa siku za mwisho za Mei, nyumbani kwake. Alikuwa amekonda na blauzi zake zilikuwa zinaanguka mabegani. Blauzi ya sari tunaiachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono, kwa sababu mwanamke huongezeka, nasi hufumua. Za Ba nilikuwa nimezifumua mara nyingi. Siku hiyo nilikwenda kuzipunguza. Alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, mimi nimepiga magoti na pini mdomoni, na Hina amesimama na kikombe, bado amevaa koti jeupe la kazini.

Mzee akaja kumwona mgonjwa. Alikohoa mlangoni, kama kawaida, kutoa nafasi. Ba aliinua mkono kutafuta ncha ya sari na mkono haukufika. Hina akawahi kumsaidia.

"Wacha, Hina," Ba alisema. "Kuna joto."

Hakukuwa na joto. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na sote tulikuwa na sweta.

Mzee aliketi, akatazama dirisha. "Muulize Mama anaendelea namna gani."

Nilitoa pini mdomoni ili niseme, na Ba akasema, "Niulize mimi."

Mzee alinitazama mimi. Nilitazama mshono. Nje mvua ilipiga mabati. Alipoanza kusema alikuwa bado anatazama dirisha, na alisema kwa Kiswahili, labda kwa sababu ndiyo lugha waliyozoea kugombana kwayo.

"Ile habari ya jikoni nimeifikiria. Hamkusema yote. Yule mfalme hakuoa mwingine. Alitengeneza sanamu ya mke wake ya dhahabu, akaiweka kando yake mahali pa mke."

"Sanamu!" Ba alisema. "Mwenyewe yuko hai msituni anatafuta kuni, na sanamu imekaa kwa kiti!"

"Alikuwa mfalme. Watu walikuwa wanasema."

"Watu husema kila siku. Hata wewe wanakusema."

Mzee akageuka. "Wananisema nini?"

Ba akamwambia. Alimwambia habari ya pazia za rangi ya hospitali, na kamati inayolala mikutanoni, na mengine, na Hina alicheka kwa sauti mbele yao wote wawili, na hakuna aliyemkaripia. Nilimaliza pini zangu, nikakunja blauzi, nikamwambia Ba nitazileta Jumamosi. Alinipungia mkono bila kunitazama. Alikuwa na kazi.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilipokuwa nafungua geti nilimsikia mzee akisema, kwa sauti ya juu ambayo sikujua anayo, "Haya, na kama angekwenda kumchukua, angekwenda na nani?"

"Na mtu anayejua kuomba msamaha," Ba alisema. "Wewe ungebaki nyumbani."

Halafu nikasikia mzee akicheka.